Dereva Aliyenisomesha

Msiniambie ulevi wa dereva ni bahati mbaya. Baba yangu aligongwa mchana kweupe, barabara ya Igunga, yuko pembeni kabisa anasukuma baiskeli yenye gunia la mpunga. Dereva wa lori la pamba alikuwa amelewa chakari, hata kushuka alishindwa. Alishushwa.

Kesi ilisikilizwa na Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, karani akitafsiri. Kila mtu alitaka dereva afungwe. Mama ndiye aliyesimama, kaniki ya msiba ingali mwilini, akasema, "Bwana, mkimfunga, hawa watatu nitawalisha nini? Mwacheni aendeshe, awalee." Wajomba walimwona kichaa. Bwana Shauri aliona ni busara. Dereva akaachiwa leseni yake, akaamriwa atutunze mpaka tukue.

Basi kila mwisho wa mwezi lori lilisimama kwetu Ziba. Mama hakutaka kumwona, alijifungia ndani. Mimi, binti mkubwa, ndiye niliyetumwa kupokea. Na kwetu mtoto wa kike hamwamkii mtu mzima akiwa wima, kwa hiyo nilipiga magoti vumbini mbele ya mtu aliyemuua baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma?"

Mwanangu! Nilitamani kumtemea mate. Kila mara alinuka pombe, nami sikumwambia mtu. Nilikuwa darasa la tano kwa masista, nataka ualimu kufa na kupona, na ada ilitoka mkononi mwake. Nikanyamaza, nikasoma.

Mwaka wa pili akamuua mama mmoja kule Choma, anatoka kisimani. Dereva amelewa vile vile. Habari zilipofika sikuuliza marehemu ni nani. Niliuliza, "Na ada yangu je?" Nikadhani mama atanizaba kofi. Wapi! Alijifunga kanga, akasema, "Twende kwa Bwana Shauri tukamwombee asifungwe."

Nje ya boma tuliwakuta watoto wa marehemu, wanne, mdogo kabisa kabebwa mgongoni na dada yake. Dada mwenyewe rika langu. Akaniuliza kama na sisi tumefiwa. Nikamwambia ndiyo, baba, kwa lori lile lile. Maskini, akasogea ili nami nipate kivuli, akidhani tumekuja kulia pamoja.

Tulipoitwa ndani, mama aliomba mpaka sauti ikamkauka. Bwana Shauri akatikisa kichwa. Hapo nikaropoka, hakuna aliyeniuliza: "Bwana, huyu ni mtu mwema. Halewi."

Karani akatafsiri. Haikusaidia kitu. Dereva alifungwa, na shule yangu ikaishia darasa la sita. Nilipogeuka kutoka, yule msichana alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, ananitazama. Alikuwa amesikia yote.