Maji Meupe

Mtafiti aliyepanga chumba jirani nasi, hapa Bwaise, ana kucha nyeusi kwa mkaa wa maganda ya matoke. Kila asubuhi huchota maji ya mfereji unaopita nyuma ya mafundi wa betri, huyachuja kwa mkaa huo na unga wa mbegu za mlonge, kisha huinama juu ya ndoo akinong'ona, kama anayembembeleza mtoto mgonjwa. Jana yalitoka meupe kabisa. Hakufurahi. Alitazama alama aliyochora ubavuni mwa ndoo, akaona yamepungua.

"Nani ameyagusa?"

"Mimi, dokta," akacheka Santa wa chumba cha mwisho, mkono juu ya tumbo la miezi saba. "Tangu Jumatatu niko nakunywa. Iko tamu kushinda ya bomba! Usiogope, nachemsha."

"Meupe siyo safi, dada. Sumu ya betri haionekani, na haifi kwa moto."

Mtafiti akapiga magoti mferejini, akachota tope kwa mikono miwili, akalitia katika kila ndoo aliyoihangaikia, mpaka maji yote yakatisha kuyatazama. Nyuma yake, Santa alikuwa akihesabu kwa vidole siku tangu Jumatatu.