Kunde Kwenye Tuta la Bamia

Juzi nilimwona jirani akipanda kunde kwenye tuta alikong'oa bamia, pua yangu ikajaa harufu ya bustani ya bibi kule Igalula. Alasiri moja ya utoto wangu, bibi alikuwa akifukia majani mabichi tutani.

"Bamia zimelichosha tuta hili, mjukuu wangu," alisema. "Zihamie kule, hapa zikae kunde. Udongo ukipumzika, zitarudi."

Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa lilikuwa likinguruma barabarani. Wakubwa walifunga vyombo kimya kimya. Mimi niliimba, maana nilidhani nasi tunaupumzisha udongo.

"Bibi, tutarudi lini?"

Alinipangusa magoti, polepole. "Kunde zikikomaa."

Kule kijijini alipanda kunde tena. Zilipokomaa, nilifunga nguo zangu kwenye kanga yake, nikakaa mlangoni kusubiri lori.