Kichupa Kilichosuzwa

Binti yangu alikuwa na miaka miwili, na homa ilimrudia mara ya nne. Dawa ikiisha, homa inapanda. Daktari akasema kidudu kimekaa kwenye njia ya mkojo, kikifika figo kitaziharibu. Hatabahatisha dawa nyingine mpaka maabara waoteshe kidudu kutoka kwenye mkojo, wajue ni cha aina gani.

Nikapeleka mkojo mara mbili. Mara mbili jibu likawa lile lile: vijidudu mchanganyiko, leta tena. Mara ya pili nilikuwa nimetembea toka Mji wa Kale mpaka hospitali na jua la saa nne, mtoto begani anachemka. Adabu ikaniisha.

"Dada, nyinyi mwafanya kazi au mwacheza?"

Dada wa maabara akanivutia kiti, akanionyesha picha kwenye kompyuta. Kidudu cha aina inayopenda njia ya mkojo, kimeota nywele mwili mzima.

"Kina nywele kunishinda," nikasema.

"Na saluni hakiendi."

Akanieleza kwamba kila unywele ni vipande vya protini. Kila kipande kina ufa ubavuni na utepe mbele. Protini nyingine, inaitwa mlezi, hukishika kipande na kuuziba ule ufa mpaka mlangoni, kwenye ngozi ya nje ya kidudu. Hapo kipande kinachofuata huchomeka utepe wake ufani, mlezi akaachia. Nchani mwa unywele pana ndoano inayonasa ukuta wa kibofu, ndiyo maana mkojo haukisombi. Nikawaza, hata kidudu kina wa kukishikia vitu. Mimi sina.

"Kichupa mlikifungua kabla ya kukinga mkojo?" akauliza.

Asubuhi mimi huwa kwenye karai nakaanga mahamri ya wateja, mkojo alikinga mamamkwe. Nikarudi nikamuuliza.

"Nalikisuza mara tatu, mwanangu. Chombo cha dukani hakitiwi kitu hakijasuzwa."

"Kwa maji gani, Mama?"

"Ya kisimani. Hayo twatawadhia."

Nikakaa kizingitini. Kumbe maabara walikuwa wakiotesha vijidudu vya kisimani. Nilitaka kumfokea, lakini gilasi za wateja nazisuza hivyo hivyo kila siku, na kichupa nilimpa mkononi bila neno, nikarudi kwenye karai.

Kesho yake sikukaanga. Nilimwosha mtoto, nikafungua kichupa kipya, nikamshikilia, hakojoi. Mamamkwe alikaa mbali, mikono ndani ya leso.

"Sigusi kitu," akasema. "Nitapiga mbinja tu, mtoto akojoe."

Akapiga, nyembamba, ndefu. Mtoto akakojoa, nusu kichupani, nusu mkononi mwangu.

Safari hii kikaota kidudu kimoja, na dawa ya kukiua ilikuwa ya sindano. Siku saba za sindano. Alilia zote, na mimi zile za mwisho sikuweza hata kumbembeleza, nilimshika mguu tu. Homa haikurudi. Wakampiga picha ya figo, wakasema ni nzima. Nikamwambia mamamkwe, nikajilaza sakafuni na buibui langu mwilini, nikalala mchana kutwa.