Kocha Tuliyemnyima Timu

Binti yangu alikuwa na miaka tisa aliporudi kutoka shuleni na goti limechubuka, akamwambia mama yake kwamba kuna bibi mmoja Mwairishi amewaletea mpira unaoruhusiwa kushikwa. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Sisi tunamsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na nyumba inakwenda.

"Mpira wa kushika ni netiboli," mke wangu akamwambia, huku akimsafisha kidonda. Mke wangu ni nesi na hakuwa na haraka na kidonda wala na mabishano.

Mtoto akakasirika. Akachukua chungwa mezani, akaliangusha kwenye ncha ya kiatu na kulipiga kidogo ili limrudie mikononi, akapiga hatua akijaribu tena. Chungwa likagonga mlango wa jokofu. Ndivyo mpira wa Kiairishi ulivyoingia nyumbani kwetu Barking, mashariki ya London, na mimi, niliyekulia Tabora nikiamini kwamba mpira ni wa aina moja tu, nikaanza kujifunza upya. Unaushika, unaudundisha, unaupiga mguuni ukurudie. Ukipita juu ya mtambaa panya ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu.

Yule bibi alikuwa amestaafu kazi ya kupika katika shule za London. Alikuja nchi hii akiwa msichana, kutoka magharibi ya Ireland, na hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Alikuwa na sauti ya kukwaruza na gari kuukuu la van lililonuka matope na maganda ya ndizi. Wasichana walimwita Kocha. Mimi nilimwita Mama, kwa sababu sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu, kama wanavyofanya huku.

"Mimi si mama wa mtu," aliniambia mara ya kwanza.

"Ndiyo, Mama," nikajibu, na hakunikataza tena.

Uwanja wenyewe uko upande wa pili kabisa wa jiji, karibu na mwisho wa reli. Mimi naendesha basi, shifti zangu hazijui Jumamosi wala Jumapili, na mke wangu hivyo hivyo. Bila lile gari mtoto wetu asingecheza hata wiki mbili. Kocha aliwapitia mmoja mmoja: binti yetu, pacha wa Kinaijeria, mtoto wa mama mmoja Mkongo, na wengine waliokuja na kuacha. Akawarudisha jioni wamelala, vichwa vimeegemeana.

Alichokitaka kilikuwa kigumu. Waairishi huchezea kaunti zao, yaani mikoa yao, na London, ingawa iko ng'ambo, nayo inahesabiwa kuwa kaunti. Lakini timu yake ya wakubwa kwa kawaida ni ya walioshuka kwenye ndege juzi: manesi, walimu, maofisa wa benki, waliofundishwa mpira na vijiji vyao tangu wanatambaa. Kocha alitaka timu ya wasichana waliozaliwa hapa hapa. Alilisema hilo kwa yeyote aliyemsikiliza, na kwa wengi wasiomsikiliza.

Hakuwa mpole. Kuna Jumamosi moja ya Januari binti yangu, akiwa na miaka kumi na mitatu, alirudi analia kwa sababu Kocha amemwita mvivu mbele ya wenzake. Mke wangu akampigia simu amwambie basi, inatosha, mtoto haji tena. Kocha hakubishana kwenye simu. Alikuja. Alikaa mezani kwetu na koti lake, akala pilau, akasema, "Ni mvivu wa mguu wa kushoto. Nisipomwambia mimi, nani atamwambia?"

"Unaweza kumwambia taratibu," mke wangu alisema.

"Nilimwambia taratibu mwaka mzima."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Wiki iliyofuata alianza kuupiga mpira ukutani nje ya gorofa yetu kwa mguu wa kushoto, mpaka jirani akaja kugonga. Mimi mwenyewe niliona mikono ya Kocha siku za baridi ile mbaya, ikiwafungulia watoto kamba za viatu kwa sababu vidole vyao vimekufa ganzi. Vya kwake pia vilikuwa vimekufa ganzi. Alitumia meno.

Binti yangu alipofika miaka kumi na minane, yeye na wenzake wachache walikuwa tayari kwa timu ya wakubwa. Mwaka huo huo nafasi ya kocha wa wakubwa ikawa wazi, na Kocha akaiomba. Uongozi wa kaunti ukaunda jopo la usaili. Mwenyekiti akaniomba niingie kama mzazi, nisemee timu za vijana.

Tulikaa kwenye chumba cha juu cha klabu, kilichonuka bia ya jana. Kocha aliingia amevaa sketi. Sikuwahi kumwona na sketi. Mwenyekiti alimuuliza ana mpango gani wa miaka mitatu, na angetumiaje video katika mazoezi. Alianza kujibu, akapotea, akarudia alichokwisha kusema. Mwenyekiti alipomwambia kwa upole kwamba swali bado halijajibiwa, akapandisha sauti.

"Nimeshajibu!"

Hakuwa amejibu. Nikajaribu kumsaidia. "Mama, waeleze kuhusu wasichana wa Barking."

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kosa lake. "Nieleze nini? Wanakuja. Wanafanya mazoezi." Akaishia hapo. Miaka yote ile, baridi yote ile, akaishia hapo.

Aliyemfuata alikuwa mwalimu wa sekondari, mwanamume wa makamo, aliyewahi kufundisha timu ya kaunti kule kwao. Alijibu kila swali kwa utulivu. Alisema atawapa nafasi wasichana wa hapa, na nadhani wakati ule alimaanisha. Kama ningekuwa siwajui wote wawili, ningemchagua yeye. Lakini nilikuwa namjua mmoja, kwa hiyo nilimpigia kura Kocha, na nilikuwa peke yangu.

"Sote tunampenda," mwenyekiti aliniambia, akikusanya vikombe. "Ila hii ni kazi."

Nilipotoka nje mvua ilikuwa inanyesha na gari la Kocha lilikuwa bado pale. Alikuwa ameningoja anifikishe stesheni. Nilipanda nikiwa na jibu mdomoni.

"Usiniambie," akasema kabla sijafunga mlango. "Niliuona uso wa mwenyekiti."

Stesheni alizima injini, mikono imebaki kwenye usukani.

"Nilikuwa mbaya kiasi hicho?"

"Ulichoka tu, Mama."

"Sikuchoka," akasema. "Niliogopa."

Aliwamalizia wasichana wadogo msimu wao, maana ndivyo alivyoahidi, kisha akarudi Ireland kwa dada yake. Hakufanya sherehe. Gari alilipeleka kwenye vyuma chakavu. Krismasi ile mke wangu alimpigia simu. Dada mtu akapokea, akasema anaendelea hivyo hivyo, na kwamba siku hizi hapendi kuja kwenye simu.

Kocha mpya alianza vizuri. Alikuja mara mbili kuwatazama wasichana wadogo, akampanga binti yangu winga katika mechi za kirafiki, akamsifu ule mguu wa kushoto. Nyumbani tulimwona mtoto anakula vizuri, anaimba bafuni. Alikuwa mgumu sana kufurahi waziwazi, kwa hiyo tulimwacha afurahi tukijifanya hatuoni.

Mwezi Mei wakaanza kuwasili wale wa ndege. Mmoja wao alikuwa nesi kijana, aliyepangiwa wodi moja na mke wangu. Mke wangu alimkuta kwenye stoo ya shuka analia kwa kukumbuka kwao, na Jumapili akamleta nyumbani. Alikula chapati na maharage hadi akaona aibu. Tulipomwambia kwamba binti yetu anacheza mpira wa kwao, aliruka kwenye kiti. Wakaenda wote wawili bustanini, na binti yangu aliporudi macho yalikuwa yanang'aa.

"Baba, anajua kweli kweli," alisema. "Namwambia aje mazoezini."

Akaja. Alikuwa winga. Kabla Juni haijaisha binti yangu alikuwa anasugua benchi.

Sina neno baya la kusema juu ya yule nesi. Alikuwa mzuri kuliko mwanangu, alikuwa na mbio na alikuwa haogopi. Aliendelea kuja kwetu kula, kwanza kila Jumapili, halafu mara moja moja, halafu akaacha, na nadhani aliacha kwa haya. Pacha mmoja naye alikuwa benchi. Mwenzake alikwisha kukata tamaa mapema, akasema ana mitihani.

Nilimfuata yule mwalimu siku moja baada ya mazoezi, akipakia mipira.

"Mwalimu, ulisema utawapa nafasi."

"Nilisema. Binti yako ana kipaji, wakati wake utafika." Alifunga mlango wa gari, akanigeukia. Hakuwa na kiburi hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Lakini mimi napimwa kwa mechi za Jumapili, mzee wangu. Nikifungwa Jumapili, hakuna atakayeniuliza nimemkuza nani."

Alikuwa anasema kweli.

Mechi ya mwisho ya kiangazi tulikwenda wote watatu. Tulichapwa vibaya, na wale wa ndege walichapwa kama ambavyo wengine wowote wangechapwa. Binti yangu aliingizwa dakika za lala salama, wakati hata waamuzi walishatamani kwenda nyumbani. Mpira ulimfikia mara moja. Aliudundisha, akamzunguka beki, akapiga kwa mguu wa kushoto. Ulipita nje ya mlingoti, karibu sana. Mke wangu alikuwa amesimama. Akakaa polepole na kuanza kufunga vyombo vya chakula ambacho hakuna aliyekigusa.

Kwenye treni binti yetu alifumba macho kutoka stesheni ya kwanza hadi Barking. Tulijua hajalala. Hatukumsumbua.

Septemba yule nesi alihamia Australia, pamoja na wenzake wawili wa timu, kama wanavyofanya vijana wengi wa kwao baada ya mwaka mmoja wa London. Mwalimu naye alirudi Ireland, mkewe amejifungua. Ikabaki timu isiyo na kocha wala winga. Januari mtu mwingine, ambaye sijawahi kumwona, alimtumia binti yangu ujumbe wa simu kwamba nafasi zipo, na kwamba wangependa sana kuona vijana wa hapa London.

Nilimwona akiusoma jikoni. Akaiweka simu kifudifudi, akaendelea kukaanga yai lake.

"Utakwenda?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Mara moja tu, uwaone."

"Baba." Alizima jiko. "Sitaki kungojeshwa tena." Alisema kwa Kiingereza, bila hasira. Angekuwa na hasira ningembembeleza.

Mke wangu alinivuta mkono, akaninong'oneza nimwache. Nikamwacha. Sasa anafanya kazi ghalani Dagenham, wikiendi pia, na anasoma. Anaendelea vizuri. Watu wakiniuliza nasema anaendelea vizuri. Viatu vyake vya mpira alivipeleka mwenyewe kwenye duka la hisani, wanakouza vitu vilivyotolewa bure, akarudi na mwavuli.

Machi mwenyekiti akanipigia. Timu ya wasichana wadogo haikuwa na mtu tangu Kocha aondoke. Walikuwa wakishikwa na huyu leo, yule kesho. Akaniomba niishike mimi, walau msimu mmoja. Aliongea kwa unyenyekevu. Nadhani alijua anamwomba nani, na kwa nini. Nilikubali kwa sababu wale watoto niliwafahamu kwa majina.

Nilibadilishana shifti na wenzangu, nikaazima gari. Wiki za kwanza walikuja wengi. Lakini mimi nilijua mpira kwa kutazama tu. Mtoto akiniuliza kwa nini mpira haumrudii mkononi, nilimwambia ajaribu tena, kwa kuwa sikuwa na jingine la kumwambia. Niliomba uongozi uniletee mtu wa kufundisha, mimi niwe dereva tu. Wakasema wanatafuta. Jumamosi moja sikupata wa kubadilishana naye shifti, mazoezi yakavunjika. Nyingine gari likaharibika kabla hatujafika mbali, tukalisukuma hadi pembeni na watoto wamekaa kwenye ukingo wa barabara wakigawana maji. Baadhi ya wazazi hawakuwaleta tena, na siwezi kuwalaumu. Juni waliobaki hawakutosha hata kugawanywa pande mbili.

Mwenyekiti alisema atawaandikia wazazi barua pepe kwamba timu imesimamishwa kwa muda. Nikamwambia aache, nitawapigia mwenyewe. Niliwapigia mapumzikoni, nimekaa kwenye basi tupu kituo cha mwisho, taa za ndani zimezimwa. Wengi walishajua. Baba mmoja alinishukuru haraka haraka kama mtu aliyekuwa anangoja simu hiyo.

Wa mwisho alikuwa yule mama Mkongo, ambaye sasa mtoto wake mdogo naye alikuwa akicheza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nyuma yake niliisikia televisheni, na mtoto akiuliza ni nani.

"Sasa mtoto nitamwambia nini, papa?"

"Mwambie hakuna kocha."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama."

"Haya, papa," akasema. "Asante ya kupiga." Akakata.

Mbele ya basi abiria walikuwa wameshapanga foleni. Nikafungua mlango.