Mbu Kumi na Mmoja wa Burma

Juma lililopita nilimsindikiza baba mdogo kwenye ofisi moja mjini Homa Bay, iliyokuwa ikitafuta mtu wa kunasa mbung'o kwa utafiti wa ugonjwa wa malale. Cheti cha jeshi hana. Shahidi wake alikuwa rafiki yake wa Suna, aliyekuwa mtu wa darubini, ya kukagulia damu na mbu, katika kambi yao ya utafiti wa malaria kule Burma, wakati wa vita.

"Bwana ofisa," rafiki akaanza, kifua mbele, "huyu alikunja suruali, mbu wakatua mguuni mwake, akanasa mia mbili kwa kikao kimoja!"

"Kumi na mmoja," akasema baba mdogo.

"Omera, ndugu yangu, nyamaza nikusifu. Na hakuugua hata siku moja!"

"Niliugua mara tatu. Wewe ndiye uliyenipima damu."

Rafiki akashika kichwa. "Bwana ofisa, unaona anavyoniharibia ushahidi?"

Ofisa akasukuma fomu mezani. "Wenzake wote walioomba kazi hii leo wamenitajia maelfu. Huyu aanze Jumatatu."

Nje, rafiki alikuwa bado amenuna.

"Kambini ulinifukuza kwenye meza yako ya darubini kwa kuongeza mbu mmoja kwenye hesabu," baba mdogo akamwambia.

"Ile ilikuwa vita, omera. Hapa tunatafuta kazi."

Nyumbani tumesimulia mia mbili miaka yote. Nimeshasahihisha, ingawa shangazi hataki kusikia.