Maksai Mweupe kwa Penseli Nyeusi

Kutia kivuli kwa penseli nilijifunza kwa sababu ya mdomo wangu. Mwalimu sikuwa naye, kitabu sikuwa nacho. Niliropoka mbele ya wazee, neno langu likanibana, basi ikabidi nijue.

Rafiki yangu mmoja tulitahiriwa naye msimu mmoja. Kwetu hilo si jambo dogo. Ukimgusa yeye umenigusa mimi, na mimi nikiguswa sichelewi. Alikuwa amepata mchumba, binti wa Itiryo, huko upande wa Tarime, aliyekuja kwetu Kisaka kumsaidia shangazi yake kuvuna ulezi. Wakapendana, wazazi wakakubaliana, na wakwe wakaja zizini kuchagua ng'ombe wa mahari kama ilivyo desturi. Mkubwa wao hakuzunguka sana. Alinyoosha fimbo moja kwa moja kwa maksai mweupe.

Baba yake rafiki yangu akasema wachukue yeyote, ila yule hapana.

Wakwe wakasema basi, kama yule hatoki, hata binti hatoki. Wangerudi mtama ukishakatwa kusikia neno la mwisho, na wakadokeza kwamba kule kwao kuna familia nyingine imeshaanza kuuliza habari za binti.

Mzee hakuwa mchoyo. Maksai yule alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, mzee akamlea kwa maziwa ya ng'ombe wengine, akimshikia kibuyu mwenyewe. Halafu tulipoambiwa tuhame tukakae kijijini, nyumba zipangwe mstari, ni yule aliyekokota nguzo za nyumba, na milango, na mawe ya kusagia, safari baada ya safari. Mzee alikuwa akisema, "Serikali ilisema nihame, lakini aliyenihamisha ni huyu." Sasa unamwambia amtoe aende Itiryo, ng'ambo ya mto Mara, asimwone tena.

Jioni moja wazee walikuwa wamekaa nyumbani kwake wakimbembeleza, na rafiki yangu ameinamisha kichwa kama aliyefiwa. Mimi kumwona vile nikashindwa. Nikasema mzee amtoe tu, mimi nitamchorea huyo maksai kwenye karatasi, abaki naye ukutani.

Wakacheka wote. Kazi yangu ya uchoraji walikuwa wanaijua: nilikuwa nimechora jembe kwa mkaa kwenye ukuta wa duka la kijiji, na watu walikuwa wanauliza kama siku hizi duka linauza miiko. Mzee peke yake hakucheka.

"Mchore, mura," akasema, yaani kijana. "Nikimjua bila kuambiwa, namtoa."

Kesho yake nikaenda Mugumu kwa fundi seremala mmoja, Mwislamu, baba yake alitoka pwani. Nilimsaidia kushika mbao kutwa nzima, akanipa kipande cha ile penseli yao bapa, nyeusi tii. Akaniambia niichonge kwa wembe, si kwa panga kama nililokuja nalo, na nisiilambe. Karatasi niliipata kwa mwenyekiti wa kijiji: kalenda ya mwaka uliopita, mgongoni nyeupe kabisa.

Mchoro wa kwanza niliuchora kwa mstari tu. Mama yake rafiki yangu akausifu sana, akasema ni mbuzi mzuri.

Hapo nikajua mstari hautoshi. Ng'ombe ana tumbo, ana nundu, ana mfupa wa nyonga unaochomoza, na mstari haujui kuchomoza. Nikaanza kuhangaika na vipande vya karatasi. Niligundua penseli ukiisimamisha inakata, ukiilaza inapaka. Ukiikandamiza sana inang'aa kama sufuria, na hapo huwezi tena kurudi nyuma. Ukitaka giza la kweli, unapaka jepesi, unapaka tena juu yake mistari ikipishana, unapumzika, unapaka tena. Kufifisha nilitumia unyoya wa kuku. Kufuta nilitumia kipande cha kandambili, nacho ukikosea kinachafua kuliko kosa lenyewe. Nilirarua karatasi kwa hasira zaidi ya mara moja. Rafiki yangu aliziokota, akazinyoosha kwenye goti lake, akanirudishia.

Siku tumbo la yule maksai lilipojaa kwenye karatasi, likawa la mviringo kweli, nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Upande wa jua nimeuacha mweupe, ubavu nimeupaka kidogo, chini ya tumbo nimekoleza. Nikaubeba mchoro kwa mzee, natembea kama mwenye ng'ombe.

Alikuwa na wenzake wawili. Akaushika, akautazama muda mrefu.

"Huyu ni wa nani?"

Nikamwambia aangalie vizuri.

"Naangalia. Ni maksai mzuri. Ana ubavu wa majivu na tumbo jeusi. Mwenyewe anakaa wapi?"

Wenzake wakausogelea. Mmoja akasema ng'ombe wa rangi ile aliwahi kumwona Busawe, kwa mtu mmoja mwenye visima. Mwingine akakataa, akasema wa Busawe ana baka shingoni. Wakaanza kubishana kabisa, watu wazima, ng'ombe wa majivu ni wa nani. Watu wa kwetu ng'ombe wanamtaja kwa rangi kabla ya kitu kingine, na kwa kilugha kila rangi na kila baka lina jina lake. Mimi nilikuwa nimechora kivuli, wao wakasoma ngozi.

Damu ikanipanda. Nikasema hiyo si rangi, ni kivuli.

"Kivuli kiko chini, pale anapokanyaga," mzee akasema, taratibu kabisa. "Kivuli hakipandi juu ya ng'ombe."

Niliuvuta mchoro mkononi mwake, jambo ambalo halifanywi kwa mzee, nikaondoka. Rafiki yangu akanifuata. Watu walikuwa wameshaanza kukata mtama, sauti za wanawake zilisikika mashambani, na kila suke lililoanguka lilikuwa linamsogeza binti yule kwa mwanamume mwingine. Afadhali angenigombeza. Akaniambia tu kwamba mchoro ni mzuri, na kwamba twende tukale.

Sikula. Nikaenda zizini kumwangalia maksai mwenyewe, nia yangu nipate ushahidi, nirudi nikamtukane mtu. Na ushahidi ulikuwepo: chini ya tumbo palikuwa na giza, ubavuni palikuwa na majivu. Mzee alikuwa hayaoni kwa sababu anajua ng'ombe wake ni mweupe. Lakini mimi pia nilikuwa namwona mweupe, na sikuelewa kwa nini. Nikafumba macho nusu. Ndipo nikauona ukuta wa minyaa, ile miti ya ua wa zizi, nyuma yake. Minyaa ile ilikuwa nyeusi. Ile sehemu ya maksai iliyokuwa na giza kuliko zote ilikuwa bado nyeupe ukiilinganisha na minyaa. Kwenye karatasi yangu nyuma yake hapakuwa na kitu, pameachwa peupe, kwa hiyo kila nilipomgusa na penseli nilikuwa namtia uchafu.

Nilikuwa nimepaka ng'ombe. Kumbe nilitakiwa kupaka dunia, ng'ombe nimwache.

Nikageuza karatasi nyingine ya ile kalenda. Rafiki yangu alimshika maksai kamba, akamfukuzia nzi, akawafukuza na watoto. Mimi nikapaka minyaa, safu juu ya safu, mpaka mkono ukawa mweusi hadi kwenye kiwiko. Ardhi nikaipa weusi wa wastani. Penseli ikaisha mpaka haishikiki, nikaichomeka kwenye bua la mtama nikaendelea. Maksai mwenyewe nilimgusa kidogo sana, kama mtu anayepuliza vumbi: chini ya tumbo, nyuma ya sikio, kwenye lile kovu la nira pale shingoni. Kazi yote iliyobaki ilikuwa kujizuia, na kujizuia si tabia yangu.

Mzee nilimkuta anasuka kamba ya ngozi, peke yake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba radhi kwa ile siku, akaitikia zote mbili kwa neno moja. Sikumkabidhi mchoro. Niliuegemeza kwenye kihenge, mbali naye kidogo, nikasimama pembeni. Na nikanyamaza, jambo ambalo rafiki yangu mpaka leo anasema ndilo muujiza wa siku ile.

Mzee akainua macho. Akapiga mluzi mdogo, ule wa kuita ng'ombe wanywe maji, nadhani hata hakujua ameupiga. Akaweka kamba chini. Akausogelea, akarudi nyuma, akausogelea tena.

"Mbona umemchora na kovu la nira?"

"Si lipo, mzee."

"Najua lipo. Nilikuwa nalipaka mafuta mimi."

Akakaa. Akaokota kamba yake, akasuka mafundo kadhaa, akayafumua. Kisha akamwita mwanawe, akamwambia apeleke habari Itiryo kwamba wakwe wasijisumbue kuja, ng'ombe wataletwa mpaka mlangoni, na mweupe atatangulia.

Mchoro tuliutundika ukutani kwake, na mtama ulipokwisha kuingia ndani tukawaswaga ng'ombe. Mzee alisema atatusindikiza mpaka mwisho wa mashamba, tukafika mwisho wa mashamba akaendelea, akaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye kivuko cha mto, pale maji yanapokuwa haba wakati wa kiangazi. Alimfunga maksai ile kamba mpya, akampapasa kovu, akanitazama.

"Ukirudi, kuna lile dume langu jeusi. Sijui hilo utalifanyaje."

Nikamwambia hilo ni rahisi. Nilikuwa sina hata wazo.

Hakungoja tuvuke. Aligeuka akashika njia ya nyumbani, anatembea haraka, kama mtu aliyeacha mgeni ndani. Rafiki yangu akaingia majini akiimba kwa sauti mbaya sana, maksai akamfuata, na mimi nyuma yao nikiwapigia kelele ng'ombe wengine waliokuwa wanataka kurudi.