Kicheko cha Bi Zuwena

Bi Zuwena alicheka kabla ya wenzake, na kicheko hicho ndicho kilichomtoa katika mji wetu wa Ibra. Kilikuwa kifupi, cha mtu aliyeghafilika, kikakatika kabla hajafikisha kiganja mdomoni. Uani kwetu kulijaa harufu ya tende zinazochemshwa, maana kilikuwa kiangazi na majirani wa upande wa mashamba walikuwa wamewasha moto chini ya masufuria yao tangu asubuhi. Mpaka leo harufu ile nzito, kama ya sukari inayokaribia kuungua, ikinifikia popote nilipo, nakisikia kwanza kicheko, kisha namwona mavyaa wake, mama wa mumewe, akigeuza shingo kumtazama.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nina miaka kumi. Sisi ni Waarabu tuliorudi kutoka Unguja. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili. Nje na skuli, Kiarabu. Ami Said, kaka yake baba, aliwahi kusomesha Kiingereza Unguja, na hapa Ibra alifanya kazi ya kufasiri barua ofisini. Alikuwa na kitabu kimoja kinene kisicho na jalada, chenye maisha na kazi za Mwingereza wa karne ya kumi na nane, mtunzi wa michezo ya kuigiza na riwaya za kejeli. Jina lake hatukulishika. Mimi na binamu yangu Nasra tulimwita Mzee wa Ami, kana kwamba ni jamaa aliyebaki ng'ambo. Skuli zikifungwa, Ami alitukalisha mbele ya kiyoyozi baada ya sala ya alasiri, akafungua ukurasa na kutusimulia kwa Kiswahili, miwani ikimteleza puani.

Alitueleza jinsi mtu huyo alivyowapandisha wakubwa wa serikali jukwaani, akawafanya wachekwe na wachekwe tena na waliokuja kutazama, hata ikatolewa sheria kwamba mchezo usichezwe mpaka usomwe kwanza na ofisa. Nasra aliuliza, "Wakamfunga?"

"Walimnyamazisha," Ami akasema. "Lakini riwaya hawakuikumbuka. Akahamia huko, akawacheka upya."

Jambo alilolirudia mara nyingi ni hili: mtunzi yule hakumcheka maskini kwa umaskini wake wala kilema kwa kilema chake. Alimcheka anayejifanya. Na kujifanya, Ami akihesabu kwa vidole, kunatokana na mambo mawili tu, majivuno au unafiki. Sisi tulivitazama vile vidole viwili, tukaanza kumtafuta mtu.

Hatukwenda mbali. Bi Zuwena alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, pamoja na mumewe, mavyaa wake na binti yao mdogo, Rukia. Ilijulikana mtaani kwamba alilelewa mji wa Sur na mjomba wake, na kwamba mavyaa wake hakuwa na hamu na watu waliotoka Afrika. Bi Zuwena mwenyewe alimshinda mavyaa kwa kutotutaka. Mama akisahau akasema neno la Kiswahili mbele yake, alikunja uso na kumwambia kwa Kiarabu, "Semeni lugha ya watu." Maandazi ya bibi yangu aliyanusa kwanza, akauliza ni kitu gani, kila mara akiuliza kana kwamba hajawahi kuyaona. Kisha sahani ilirudi jikoni tupu.

Basi tukatunga mchezo. Ami aliusoma, akacheka hadi akavua miwani, akatufundisha mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kucheka. Hakuuliza ni nani tunayemwigiza, nasi hatukumwambia. Tuliamua kuucheza kwa Kiswahili mbele ya wanawake waliokuja kwa bibi kunywa kahawa, Bi Zuwena na mavyaa wake wakiwemo. Wetu wangefahamu, wageni wangeona watoto wanaruka tu. Hilo lilikuwa kosa la nyumba yetu nzima, si letu watoto peke yetu. Wakubwa wetu walikuwa wakisema Kiswahili mbele ya watu sokoni, hospitali na garini, wakiamini kwamba wamefunga mlango.

Nasra alivaa abaya ya mama, akakaa juu ya mto. Mimi nilimletea sahani.

"Hiki kitu gani? Kwetu hatuli vitu vya mafuta."

"Basi nikuondolee, bibi."

"Kiache hapo hapo. Nakitazama tu."

Akala andazi la kwanza, la pili, la tatu, mashavu yamemvimba. Niliporudi, akaitazama sahani kwa huzuni, akasema, "Nimekitazama vibaya, kimekwisha."

Nilinyamaza kidogo, kama nilivyofundishwa. Katika unyamavu ule, mmoja tu ndiye aliyecheka. Mama na shangazi walifuata, lakini walikuwa wamechelewa. Mavyaa alikuwa ameshageuka.

"Umefahamu wanachosema?" alimuuliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Bi Zuwena alichukua kikombe chake kilichokuwa kitupu, akakinywa.

Nieleze nilichokiona na nilichokisikia, nisivichanganye. Niliona wakiondoka bila kusubiri udi wa kuagia wageni. Niliona, baada ya wiki kama tatu, gari ya ndugu yake kutoka Sur ikipakiwa masanduku, na Rukia amekaa nyuma na mwanasesere wake. Nilisikia kwamba mavyaa alisema mwanawe aliozeshwa uongo. Nilisikia neno talaka, na nilisikia pia kwamba hapakuwa na talaka, kwamba mume atamfuata. Sikumwona akimfuata.

Ami alikuwa majlisi, chumba cha wageni wanaume, siku ile, dirisha wazi, akisikiliza. Jioni aliniita, akaniuliza, "Alicheka wapi?" Nikamwonesha mahali pale kwenye daftari. Akakifungua kile kitabu, akanisimulia sehemu ambayo hakuwahi kutusomea. Mtunzi yule baadaye alikuwa hakimu, akasikiliza kila siku wezi na watu wasio na chochote, mpaka mwili wake ukaharibika kwa maradhi. Akasafiri kwa meli kwenda nchi yenye joto kutafuta afya. Hakuweza tena kutembea, ikabidi abebwe na kupandishwa melini kama mzigo, na mabaharia waliokuwa wamejipanga mstari wakamcheka. Alifika, akafa huko huko ugenini.

"Hili ilifaa nikuambieni mwanzo," Ami akasema. "Nilidhani nyinyi wadogo."

Nilikutana na Rukia miaka ya elfu mbili, nilipopelekwa Sur kwa kazi. Alinijua kwa jina la baba. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa na shida. Mama yake alikuwa amefariki kwa uvimbe kichwani, na wiki zake za mwisho Kiarabu kilimtoka kabisa. Alisema lugha ambayo Rukia hakuwahi kuisikia kinywani mwake, wala hapakuwa na mtu wa kumjibu. Rukia aliirekodi sauti kwenye kaseti. Tuliisikiliza garini mwake, mchana, injini ikiunguruma kwa ajili ya ubaridi.

Kilikuwa Kiswahili cha mjini Unguja, safi kuliko changu, cha mtoto mdogo. "Mboja, funga mlango. Mboja, wameshafika kwa jirani. Wakikuuliza, sema hunijui."

Wazee wetu wengi wana siku moja ya mapinduzi wasiyoisimulia, nami nikafahamu kwamba yeye alijenga maisha mazima ili siku yake isimpate. Kwenye vidole vya Ami kulikosekana kidole cha tatu, hofu, na sisi tulimpandisha mtu jukwaani kwa ajili ya hofu yake. Lau mchezo ule ungechezwa leo uani kwetu, wanangu wangekaa upande wa mavyaa, wakisubiri wafasiriwe Kiswahili. Hakuna ambaye angecheka mapema.

Nilimfasiria Rukia yote. Akaniuliza Mboja ni nani, kama ni dada, au yaya, au jirani, na kama aliulizwa, na alijibu nini. Ami alikuwa ameshafariki. Nimeuliza wazee wa miji ya Ibra, Mudhaibi na Samail, nikapata majina ya wanawake wanne wanaoitwa Mboja waliowahi kukaa mjini Unguja. Wawili wamekufa. Wa tatu alikuwa bado hajazaliwa siku ile. Wa nne yuko Unguja, nimempelekea salamu mara mbili kwa watu wanaokwenda, nao wanasema zimemfika, ila hawajarudi na jibu.